Propela Isiyo na Jina

Mwanza, 24 Mei 2024

Dada Radhia,

Shikamoo. Nimefika na ni mzima. Hata kile kikohozi nilichotoka nacho nyumbani kilishuka kwenye basi kabla yangu, nadhani Shinyanga. Mama mwambie nakula samaki kila siku mpaka nimeanza kutamani mlenda. Kauthar mwambie mtoto wetu asitolewe nje asubuhi wakati huu wa upepo. Baba mdogo Sultani na fundi Yeremia nawasalimu wote wawili.

Uliniagiza mambo ya kazi nisiyaseme kwenye simu, kwa kuwa simu ya nyumbani kila anayeishika huiweka sauti ya juu, na kwa kuwa neno la simu mtu hulikana kesho yake. Haya, naandika.

Propela zetu tatu nilizibeba ndani ya kiroba cha alizeti. Kondakta alipokiinua akauliza nimepakia nini. Nikamwambia propela. Akasema, "Kutoka Singida? Si ungesema kuku, nikakuamini." Basi zima likacheka, na mimi nikacheka.

Mkutano wa watengenezaji na wauzaji wa propela ulikuwa wa siku tatu, katika ukumbi ulio karibu na ziwa. Dada, sikujua kama dunia ina propela nyingi kiasi kile. Walikuja watu wa Kigoma, Musoma, Tanga, Dar es Salaam, Wakenya na Waganda. Kulikuwa na propela ya meli yenye kimo cha mtu, na nyingine ndogo za plastiki ngumu ambazo mtu alizipiga ukutani kuonyesha hazivunjiki, ya tatu ikavunjika. Asubuhi kulikuwa na mafundisho: namna mchanga wa ufukweni unavyokula ncha za mapanga ya propela, namna ya kuchanganya shaba. Mengi niliyajua kwa marehemu baba. Bwana mmoja wa Tanga alinisikia nikitaja nilikotoka akauliza, "Huko Singida propela mnazungushia nini? Mafuta ya alizeti?"

Siku ya pili kulikuwa na mashindano ya mizani. Ni ile ile ya kwetu: propela inavishwa kwenye shafti, shafti inalazwa juu ya visu viwili, na kama kuna panga zito linashuka lenyewe mpaka chini. Nyingi zilishuka. Moja iliachwa kila upande walioigeuzia, ikatulia tuli. Ukumbi mzima ulipiga makofi.

Meza nilichelewa kuandikisha, lakini kuna bwana anaitwa Paschal, muuza vifaa vya boti hapa mjini, akanipa nusu ya meza yake. Ni mtu mwema. Anasema kuna wateja wa kuonana nao, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ndugu yako,
Abdulmajidi


Singida, 6 Juni 2024

Mdogo wangu Majidi,

Marhaba. Sisi hatujambo, isipokuwa magoti ya mama, ambayo yanajua upepo wa Juni kabla haujavuma. Mwanao ameota meno mawili na anamng'ata kila anayembeba, ila baba mdogo. Baba mdogo anasema mtoto anajua kuheshimu wakubwa. Kauthar anauliza "kidogo" yako ni wiki au ni miezi. Nimemwambia nitauliza, na hapa nimeuliza.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa furaha na mara ya pili kwa kalamu mkononi.

Umenieleza juu ya plastiki iliyovunjika na maneno ya bwana wa Tanga. Ya propela iliyotulia kwenye mizani hukunieleza ni ya nani. Mtu aliyekulia kwenye karakana ya mzee Amri anaiona propela inatulia namna hiyo, halafu haulizi imetoka tanuru gani? Wewe, ambaye ukiwa mdogo ulikuwa unageuza hata sahani za wageni kutazama mhuri wa chini?

Tena, meza ilikuwa na jina la nani juu yake? Zetu tatu ziko wapi sasa? Waliozishika walisoma jina?

Baba alituwekea sheria moja. Propela ikipita mizani, ndipo Yeremia anaipiga AMRI SINGIDA kwenye uso wa kitovu, herufi moja moja, kwa nyundo. Isiyopita inarudi tanuruni. Isiyo na jina haivuki geti. Sikukumbushi kwa kudhani umesahau. Nakukumbusha kwa kuwa katika barua nzima hukulitaja.

Dada yako,
Radhia


Mwanza, 12 Juni 2024

Dada Radhia,

Shikamoo, na heri ya Idi inayokuja. Nilitamani kuchinja nikiwa nyumbani lakini kazi zimenibana. Kauthar mwambie ni wiki, si miezi. Mama namtafutia mafuta ya magoti. Kuna ya samaki hapa watu wanayasifu.

Maswali yako ni mengi kama ya kituo cha polisi. Mwenye ile propela simkumbuki vizuri, watu walikuwa wamesongamana. Meza ilikuwa meza tu, yenye kitambaa. Zetu zimepata watu na wamezipenda, hilo ndilo la maana. Paschal anasema soko la ziwani lina namna yake, na mgeni lazima ajifunze kabla ya kuongea. Nami najifunza.

Usiwe na wasiwasi.

Abdulmajidi


Singida, 30 Juni 2024

Majidi,

Marhaba. Idi ilipita vizuri, nyama yako tuliwapa majirani. Mama anashukuru kwa mafuta, ingawa hayajafika. Kauthar hajambo, amenyamaza kidogo.

Barua yako ya tarehe 12 imefika jana, tarehe 29. Nilipomlalamikia karani wa ofisi ya basi alinijibu, "Dada, usinionee. Bahasha hii imepakiwa Mwanza juzi jioni." Sina la kusema juu ya hilo. Nimeliandika kwenye daftari langu la siku, basi.

Sasa nisikilize. Jumatano alikuja Calist, yule mwenye boti ya ziwa Kitangiri. Alibeba propela yenye panga moja lililopinda kwa kugonga jiwe. Akaitua mezani kwa kishindo.

"Mninyooshee hii. Na mkishamaliza mjifunze hapo hapo. Nimeinunua Mwanza, ndiyo iliyowashinda wote kwenye maonesho."

Baba mdogo alivaa miwani. Akaigeuza. Akaigeuza tena. "Calist, hii ni yetu."

"Yenu kwa jina gani? Mbona silioni? Muuzaji kaniambia ya kwao, Mwanza. Nyie maji ya kuoga mnapangia foleni, propela mtajulia wapi?"

Yeremia alicheka. Kicheko hicho baba mdogo alikiweka moyoni.

Akaleta kalipa, ile koleo ya kupimia, akapima kitovu kama baba alivyomfundisha, maana kitovu ndicho kinachokaa kwenye shafti. Kilikuwa kifupi kuliko chetu kwa unene wa sarafu. Baba mdogo akakaa chini. Unajua alichokiwaza, kwa sababu na wewe ungekiwaza. Shaba ikipoa husinyaa. Mtu akichukua propela iliyokamilika akaifukia mchangani ili amwage nyingine kwa umbo lake, ya pili hutoka ndogo kuliko mama yake. Basi hiyo ni nakala. Tena, kama mwigaji angetumia propela tuliyokwisha kuiuza, herufi zetu zingeshika kwenye mchanga na kuonekana japo kwa mbali. Hazipo. Kwa hiyo aliigiza kwa propela yetu iliyotoka kabla ya kupigwa jina. Na kati ya mizani na nyundo, propela inashikwa na mtu mmoja tu.

Huyo mtu mmoja ana mdogo wake Mwanza, anauza nyavu.

Calist alipoondoka, baba mdogo alianza. "Yeremia, mdogo wako hajambo huko ziwani?"

"Hajambo, mzee."

"Anauza nyavu tu?"

Yeremia aliweka koleo chini. "Mzee Sultani, ukitaka kuniuliza, niulize. Usinizunguke kama mbuzi wa kamba."

"Haya. Nani alitoa propela yetu ikaenda kuigizwa?"

"Mimi sijui. Lakini naona wewe unajua, basi sema."

Baba mdogo akavua miwani akatoka nje. Alitaka kumfukuza kesho yake. Nimemwomba asubiri jibu lako. Yeremia alikuja kwetu kutoka Sekenke kijana wa kunyoa ndevu za kwanza, na sasa ana mvi. Hakuna karakana nyingine ya shaba mkoa huu. Akitoka kwetu kwa jina la mwizi hatatoka tu kazini, atatoka kwenye kazi yenyewe.

Ulikuwa ukumbini siku zote tatu. Uliiona propela kama hii? Ilikuwa juu ya meza ya nani? Kama kuna neno unalolijua, hata dogo, liandike. Na safari hii tarehe iwe ya kweli.

Radhia


Mwanza, 9 Julai 2024

Dada Radhia,

Shikamoo. Mimi mzima, ingawa mafua yananisumbua. Mafuta ya mama nimempa mtu wa lori, yatafika. Mtoto mbusu kwa niaba yangu, akikung'ata usilipize.

Nimesikitika kwa habari za karakana. Juu ya propela, dada, zote zina kitovu na mapanga. Katika ukumbi wenye mamia mtu hawezi kuapa aliona ipi. Mimi sikuona cha ajabu.

Juu ya Yeremia siwezi kumtetea wala kumshitaki nikiwa mbali. Ninyi mlioko nyumbani ndio mnaomwona akiingia na kutoka. Baba mdogo ndiye mkubwa wetu sasa. Akiamua, mimi ni nani nimvuke?

Ile propela ya Calist mrudishieni haraka, msihangaike nayo. Panga lililopinda likinyooshwa huwa halina nguvu tena. Mwambieni anunue nyingine.

Nitakuja mambo yakikaa sawa.

Abdulmajidi


Singida, 21 Julai 2024

Majidi,

Marhaba. Mafuta ya mama yamefika na yananuka nyumba nzima, paka hamwachi. Kauthar anaomba usimtumie salamu kwenye barua zangu tena, umwandikie mwenyewe.

Jibu lako nilimsomea baba mdogo kwa sauti. Nilipofika mwisho alisema, "Unaona? Hata Majidi hakumtetea." Kisha akavaa kofia akaenda karakana.

Nilimfuata. Yeremia alikuwa akichekecha mchanga wa kalibu. Baba mdogo alimwambia mbele ya wateja wawili, "Kuanzia leo usiguse kitu humu. Mwizi hatafutiwi jina lingine."

Yeremia alimaliza kuchekecha kile kilichokuwa kwenye chekecheo. Ndipo akajibu. "Nimemwaga shaba na mzee Amri kabla Majidi hajajua kufunga vifungo vya shati. Leo mnanipima kwa kalipa."

"Kalipa haina undugu."

"Kweli, haina. Ndiyo maana mzee hakuiacha ifanye kazi peke yake."

Baba mdogo alidhani ni kejeli tu. Na mimi nilidhani hivyo. Yeremia akanawa mikono, akakunja aproni yake, akavipanga vyuma vya herufi kwenye kasha lake kuanzia A. Aliniuliza, "Radhia, na wewe?" Nilikuwa nimemshuku, na bado nilikuwa namshuku, na sitajificha nyuma ya mgongo wa baba mdogo. Akanyoosha mkono, nikampa wangu. Baba mdogo hakumpa.

Amerudi kwao Sekenke. Nasikia anawatengenezea wachimbaji wa dhahabu nyundo za kupondea mawe.

Kuna jambo moja linaninyima usingizi. Kwa nini ulitaka propela ya Calist irudishwe haraka? Umeshindwa kukumbuka propela iliyopigiwa makofi na ukumbi mzima, lakini hii ambayo hujaiona umeikumbuka vizuri.

Radhia


Singida, 11 Agosti 2024

Majidi,

Hujajibu, kwa hiyo naanza upya. Mama hajambo. Mwanao anasimama kwa kushika kiti. Upepo umeezua bati la choo cha jirani na kulitua kwetu, na bado tunabishana nani alirudishe.

Juzi Calist alikuja kuchukua propela yake akaikuta vile vile ilivyopinda, kwa kuwa wa kuinyoosha hayupo.

"Mwezi na zaidi!" akasema. "Boti yangu imelala juu ya mawe kama mamba aliyeshiba. Fundi mmemfukuza mkabaki na nani?"

Baba mdogo alimwambia apunguze sauti.

"Nipunguze nini? Mmebaki na kalipa! Haya, mwambieni kalipa aninyooshee."

Nilimwomba anipe hadi Ijumaa. Nilijua huwezi kunyoosha panga bila kulifananisha na lililo zima. Nikashusha rafuni moja ya zetu, yenye jina, nikazivisha zote mbili kwenye shafti moja, yetu mbele na ya Calist nyuma, ili niutazame mteremko wa mapanga. Lililopinda nikaliacha, nikatazama mazima mawili.

Ncha zilikutana.

Nilidhani ni macho yangu. Nikachukua rula ya chuma, nikaiweka kwenye ncha ya moja na ya pili. Hata karatasi haikupita. Nikamwita baba mdogo. Akapima upana wa panga, akapima unene wa shina lake, akapima tundu la shafti. Kila mahali ni sawa na yetu. Ni urefu wa kitovu tu uliopungua.

Majidi, nakala husinyaa mwili mzima. Haisinyai kitovu na kuyaacha mapanga. Hili analijua kila aliyewahi kumwaga shaba, na sisi tulilisahau kwa sababu tulikwisha kuwa na mtu wa kumshuku. Yeremia alituambia pale pale, na tukadhani ni kejeli.

Hiyo si nakala. Imemwagwa hapa, kwenye mchanga wetu, ikapita mizani yetu, ikapigwa jina letu. Halafu mtu ameipeleka kwenye mashine ya kukereza akalikwangua lile jina pamoja na uso wa kitovu.

Baba mdogo hajala tangu juzi zaidi ya uji.

Mwaka huu Calist si wa kwanza kununua propela yetu, na wote waliokuja walikuja getini wenyewe. Zilizokwenda Mwanza ni tatu, ndani ya kiroba chako. Sikuulizi swali. Nimekuandikia nilichokiona mezani. Kilichobaki andika wewe.

Radhia


Mwanza, 26 Agosti 2024

Dada yangu Radhia,

Shikamoo. Salamu za wengine leo naziacha, kalamu yangu ni nzito.

Siku ya kwanza ya mkutano nilizipanga zetu tatu upande wangu wa meza, jina likitazama juu. Watu walipita, wakasoma, wakacheka, wakaendelea. Mmoja alimwita mwenzake: "Njoo uone, watu wa jangwani wametuletea propela." Hawakuzishika, dada. Upande wa Paschal walishika kila kitu, hata vitu vibaya. Ilipofika saa ya chakula Paschal aliniambia, "Kazi yenu ni nzuri kuliko ya wote humu. Jina hilo ndilo linaloiua. Liondoe, uone."

Uani mwa ukumbi kulikuwa na watu wanaoonyesha mashine za kukereza. Nilizipeleka mwenyewe. Yule kijana wa mashine aliniuliza, "Una hakika?" Nikasema ndiyo. Vumbi la shaba likanidondokea kwenye viatu.

Kesho yake Paschal aliandikisha moja kwenye mashindano. Ni hiyo iliyotulia. Msimamizi akaishika juu, akauliza kwenye kipaza sauti, "Hii imetoka wapi?" Paschal akajibu, "Kwetu, hapa hapa Mwanza." Kisha akanigeukia. Hakunitisha wala hakunikonyeza, alinitazama tu. Dada, nafasi ya kusema neno moja ilikuwepo. Watu wakaanza kupiga makofi, na mimi nikapiga.

Tangu hapo Paschal anataka nyingine, nyingi, zisizo na jina. Ndicho kilichonikalisha huku. Nilikuwa natafuta namna ya kuwaeleza.

Juu ya Yeremia, nilidhani baba mdogo atapiga kelele wiki moja ataacha, kama kawaida yake. Kila nilipotaka kuandika nikaona nikisema hili dogo lazima niseme na lile kubwa. Barua ya Juni nilikaa nayo mfukoni siku nyingi.

Nakuomba kitu kimoja. Mama asijue, na Yeremia asijue. Mwambieni arudi, mwambieni kalipa ilikosea. Atafurahi kurudi, hatauliza sana.

Mdogo wako,
Majidi


Singida, 15 Septemba 2024

Mdogo wangu Majidi,

Marhaba. Mama hajambo na anajua. Nilimsomea mwenyewe, akaomba nirudie mahali pa makofi, kisha akaenda kuswali. Kauthar anajua pia. Mwanao ametembea hatua zake za kwanza Jumanne, akaelekea kwa paka.

Kalipa haikukosea. Ilipima kitovu kifupi ikasema ni kifupi. Waliokosea ni watu, na sikuona sababu ya kumsingizia chuma.

Mimi na baba mdogo tulikwenda Sekenke. Tulimkuta Yeremia nje, amekaa kwenye kigoda anatia mpini kwenye nyundo. Mke wake Magdalena alituletea viti na maji, akasema "karibuni" kwa namna ambayo mtu angependa zaidi atukanwe.

Baba mdogo alisimama. Alisema, "Nilikuita mwizi mbele ya watu, na hukuiba. Nimekuja kusema hivyo mbele ya watu." Majirani walikuwepo, wachimbaji walikuwepo. Kisha nikamweleza yote: mashine ya kukereza, meza ya Paschal, mashindano, barua zako. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu.

"Ilitulia?"

"Ilitulia. Ukumbi mzima ulipiga makofi."

Aliitikia kwa kichwa, akaendelea na mpini wake. Nikadhani ndiyo basi.

"Mzee Sultani," akasema baadaye, "wewe uliniita mwizi, na leo umeliondoa. Hilo limekwisha. Radhia alinishuku akanipa mkono, nalo limekwisha. Nitarudi. Shaba sina ugomvi nayo. Nitapanga mchanga, nitamwaga, nitapima. Lakini jina lenu pigeni wenyewe."

Baba mdogo alimwonyesha mkono wake. "Mwanangu, unaona unavyotetemeka."

"Basi subirini asiyetetemeka. Mimi kulipiga jina ambalo mwenyewe analiona aibu, sitaweza tena. Nitapinda herufi."

Amerudi tangu Jumatatu iliyopita. Anafika mapema kuliko zamani, anazungumza kidogo kuliko zamani. Panga la Calist alilinyoosha kabla ya adhuhuri. Calist alipoelezwa kuwa propela yake ilizaliwa hapa, aliguna akasema, "Basi nipigieni hilo jina, nisitembee nayo kama mtoto wa kuokota." Tukamwambia angoje. Ameiacha. Kwa mdomo wake wote, ameiacha.

Nilijaribu mimi kwenye kipande cha chakavu. Herufi zangu zilipanda mlima kama mbuzi wa Sekenke. Yeremia alizitazama, akakitupa kipande tanuruni.

Kwa hiyo kazi inaendelea na haitoki. Tunamwaga, tunapima, zinatulia, tunaziweka rafuni zikiwa na uso mtupu. Wateja wawili wamekwisha kurudi mikono mitupu. Baba mdogo anasema tuzitoe hivyo hivyo mara hii moja. Nimekataa. Za namna hiyo zina mnunuzi wake huko uliko, na simtaki.

Sikuandikii kukusamehe, hilo si langu peke yangu. Paschal mwage upendavyo. Panda basi la alfajiri. Ukishuka usipite nyumbani kwanza, pita karakana. Vyuma vya herufi nimevipaka mafuta, nyundo ipo mahali pake.

Yeremia amesema hatakuuliza kitu. Atakaa tu hapo mbele yako, aangalie unavyopiga.

Dada yako,
Radhia